Boila ya kombi kwenye baridi kali: inayoyasema kabla haijazima

Boila ya kombi ya gesi ni ile inayotundikwa ukutani ikafanya kazi mbili. Inapasha rejeta za nyumba nzima, yaani yale mabamba ya chuma yanayopitisha maji ya moto ili kutia vyumba joto, na ukifungua bomba la maji ya moto inaziacha rejeta kwa muda na kuchemsha maji hapo hapo, bila tangi la akiba. Ni mtambo mzuri wenye tabia moja ya kuudhi: wakati wa joto, fundi akiwa na nafasi, hauharibiki. Unangoja usiku wa baridi kali, simu za mafundi zote zikiwa zinatumika. Si mkosi. Miezi ya joto boila inawaka dakika chache kwa siku, kwa ajili ya kuoga na kuosha vyombo. Baridi ikiingia inafanya kazi saa nyingi mfululizo, maji yanaingia yakiwa na nyuzijoto 5 badala ya 15, na kila kifaa kilichokuwa kikichechemea kimya kimya kinaanguka.

Kama bidhaa tunaipa alama za juu, ila si kwa uimara. Tunaipa kwa sababu inajieleza. Ina geji, ina kioo cha kuonyesha hitilafu, ina sauti, na karibu kila ugonjwa wake hutanguliwa na dalili za siku kadhaa. Tunaikata alama kwa vitu viwili vinavyoiangusha kila msimu: bomba jembamba la plastiki linalotoa maji yake machafu nje, na tangi dogo lenye utando wa mpira lililofichwa ndani au nyuma yake. Kumbuka pia kwamba hitilafu nyingi za baridi chanzo chake si moto wala gesi. Ni maji: yamepungua, yameganda au yamechafuka. Anayejua kufuatilia maji ya boila anajua nusu ya kazi.

Yasiyo ugonjwa

Tuyaondoe kwanza, maana mafundi huitwa bure kila msimu.

Wingu zito jeupe kwenye mdomo wa dohani ni dalili ya afya. Boila za kisasa hunyonya joto la moshi wake mpaka mvuke uliomo unageuka maji. Moshi unaobaki hutoka ukiwa vuguvugu na wenye unyevu mwingi, na ukikutana na hewa ya baridi unaonekana kama mvuke wa birika. Baridi ikizidi, wingu nalo linazidi. Shaka ianze ukiona masizi meusi kuzunguka dohani au juu ya kasha la boila, na hapo hatuzungumzii matengenezo ya kesho. Tutalifikia.

Maji ya moto kupungua kasi au ukali nako mara nyingi ni hesabu tu. Chukua kilowati za boila, zidisha kwa 14.3, gawanya kwa nyuzijoto unazotaka kuyapandisha maji; jibu ni lita kwa dakika. Boila ya kilowati 24 ikipokea maji ya nyuzi 15 na kuyafikisha 50 inatoa lita 9.8 kwa dakika. Maji yakiingia na nyuzi 5, boila ile ile inatoa lita 7.6 tu. Haijachoka, ila mzigo umeongezeka. Punguza mkondo kidogo bombani na joto litarudi.

Rejeta kupoa mtu anapooga kwa muda mrefu ni kawaida, kwa kuwa bomba ndilo lenye haki ya kwanza. Pampu kuendelea kuvuma dakika chache baada ya moto kuzimika pia ni kawaida; inasambaza joto lililobaki ili kiini cha boila, pale moto unapopasha maji, kisiungue.

Geji

Kama utakagua kitu kimoja tu kwa wiki, kagua hii geji ya presha ya maji, inayosomwa kwa bar. Boila ikiwa imepoa, mshale au namba iwe kati ya bar 1 na 1.5. Ikipata moto presha hupanda kidogo na kukaa chini ya bar 2 au papo hapo. Ikishuka chini ya nusu bar hivi, boila nyingi hugoma kuwaka ili zisiungue zikiwa kavu. Ikifika bar 3, vali ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje.

Kuongeza maji ni kazi ya mwenye nyumba. Zima boila, iache ipoe. Tafuta kipande cha hosi iliyofumwa kwa waya chini ya boila, chenye vali kila upande. Kwenye baadhi ya boila ni kitufe au kishikio kilichojengewa ndani. Fungua vali moja kabisa, kisha ya pili polepole sana, jicho likiwa kwenye geji. Ikifika bar 1.2 au 1.5, funga zote mbili. Si moja. Vali moja iliyoachwa ikipitisha tone baada ya tone inatosha kuipandisha presha mpaka bar 3 usiku kucha, na asubuhi utamwambia fundi boila imepasuka.

Kuongeza mara moja au mbili kwa mwaka hatuna neno nako, hasa ukiwa umetoa hewa kwenye rejeta. Kuongeza kila wiki ni ugonjwa, na unajilisha wenyewe: maji mapya huja na oksijeni, oksijeni hula chuma cha rejeta, kutu hugeuka tope jeusi, tope huziba pampu na kiini cha boila. Anayeongeza maji kila Jumamosi ili kukwepa gharama ya fundi analipa kwa mkono mwingine.

Maji yanakwenda wapi? Kuna sehemu tatu za kuanzia. Ya kwanza ni bomba la vali ya usalama, lile la shaba linalotokeza nje na kukunjwa kuelekea ukutani. Lifunge mfuko wa plastiki usiku mmoja. Ukikuta maji asubuhi umeshampata mwizi. Ya pili ni maungio ya rejeta: pitisha karatasi ya chooni kila kiungo na utafute ukoko wa kijani au mweupe, alama ya maji yanayovuja na kukauka kabla hayajadondoka. Ya tatu wengi hawaijui. Zima boila kwa saa moja au mbili, kisha chungulia mwisho wa bomba la plastiki la maji machafu. Boila isiyowaka haitengenezi maji hayo, kwa hiyo kama bado yanadondoka, kiini kikuu kimetoboka na maji ya rejeta yanapenya ndani yake. Hiyo ndiyo habari mbaya kuliko zote katika makala hii, na kwa boila yenye miaka zaidi ya 10 mara nyingi ndiyo mwisho wa safari yake.

Kuna mwendo mmoja wa geji unaostahili aya yake. Boila ikipoa ni bar 1.2, ikipata moto inakimbia hadi karibu 3, kesho yake asubuhi iko sifuri. Hilo ni tangi la kutanukia. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 hutanuka kwa karibu asilimia 3, yaani mfumo wa lita 100 unatafuta nafasi ya lita 3 zaidi. Nafasi hiyo iko ndani ya tangi la chuma lenye utando wa mpira katikati: maji upande huu, hewa upande ule, kwa kawaida ikijazwa bar 0.75 hadi 1. Hewa ikivuja au mpira ukichanika, maji hayana pa kutanukia. Presha inaruka, vali ya usalama inamwaga, na boila ikipoa maji hayatoshi. Tangi lina kijivali kama cha tairi. Fundi akibonyeza sindano yake na maji yakatoka, utando umechanika na tangi linabadilishwa. Ikitoka hewa hafifu, au kisitoke kitu, mfumo unashushwa presha hadi sifuri na tangi linapigwa upepo kwa pampu ya tairi. Kulipiga upepo huku mfumo una presha ya maji ni kujidanganya, kwa sababu geji inasoma maji yanayosukuma upande wa pili.

Tahadhari kuhusu wanaojiita mafundi: wengi wakiona vali ya usalama inavuja hubadilisha vali na kuondoka. Vali iliyowahi kufunguka huwa haifungi vizuri tena, maana uchafu umekaa kwenye kitako chake, kwa hiyo kuibadilisha ni sahihi. Lakini aliyeibadilisha bila kupima tangi amefunga mlango uliosukumwa, akamwacha ndani anayesukuma.

Bomba la plastiki linaloganda

Kama tungeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja kwenye ufungaji wa boila hizi, kingekuwa hiki. Maji yanayotokana na moshi uliopoa, mafundi wengine huyaita maji ya mtonesho, yana uchachu unaokula shaba, ndiyo maana bomba lake ni la plastiki. Kwa usiku mzima wa kuwaka, yanaweza kujaza ndoo. Bomba lake likipita ndani ya nyumba hadi kwenye mfereji wa maji machafu, hutasikia habari zake. Likitoka nje likiwa jembamba, refu na uchi, usiku wa barafu tone la kwanza linaganda, la pili linaganda juu yake, na maji yanaanza kurudi nyuma.

Dalili ziko wazi. Boila inajaribu kuwaka, inatoa sauti ya kububujika kama mtu anayevuta maji ya mwisho kwa mrija, inazima, inaonyesha msimbo wa kushindwa kuwaka. Nje ni chini ya nyuzi 0. Jana ilikuwa nzima. Ukikutana na hayo yote, usimwite fundi bado.

Fuata bomba kwa mkono kutoka ukutani. Barafu hupenda kona, sehemu iliyolegea ikatengeneza tumbo, na mdomo wa mwisho. Mimina maji ya moto ya kiasi, si yanayochemka, kwenye kona hizo kwa chupa au kikombe kikubwa. Mfuko wa mpira wa maji ya moto ukifungwa kwenye bomba unafanya kazi nzuri zaidi kwa sababu haulowanishi njia ya kupita watu. Maji yaliyomwagika nje yakigeuka barafu utahamisha tatizo kutoka kwa boila kwenda kwenye kiuno chako. Utasikia barafu ikiachia, maji yatachuruzika. Ndipo uiwashe boila upya kwa kitufe chake. Usipande ngazi kwa kazi hii. Bomba likiwa juu, hiyo ni kazi ya mwenye vifaa.

Dawa ya kudumu ni rahisi na inachukua nusu siku: sehemu ya nje iwe fupi iwezekanavyo, yenye kipenyo cha angalau milimita 32 badala ya zile 21.5 zinazofungwa ndani, iteremke sentimita 4.5 kwa kila mita, na ivikwe sponji isiyopitisha maji ya mvua. Ukimpa fundi kazi ya kufunga boila mpya, muulize hili kabla hajatoboa ukuta. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu kazi yake yote.

Mkono juu ya rejeta

Rejeta ni kipimo cha bure. Ikiwa moto chini na baridi juu, kuna hewa: zima pampu, ngoja maji yatulie, fungua kizibo cha juu kwa ufunguo wake robo zungusho huku umeshika kitambaa, hewa itoke kwa mlio hadi maji yaanze, funga, kisha rudi kuangalia geji. Ikiwa moto juu na pembeni lakini baridi chini katikati, kuna tope, na kufungua kizibo hakutasaidia. Hilo linahitaji mfumo kusafishwa, kuwekewa dawa ya kuzuia kutu na chujio lenye sumaku kwenye bomba linalorudi kwenye boila. Chujio hilo ni kifaa cha ziada tunachokipendekeza bila kusita. Fundi akilifungua mara ya kwanza baada ya miezi michache utaona uji mweusi ambao ungekuwa ndani ya kiini cha boila.

Ukilazimika kutoa hewa kila wiki kwenye rejeta ile ile, fikiria upya neno hewa. Kutu inapofanya kazi ndani ya mfumo huzalisha haidrojeni, na hiyo inawaka. Usikaribishe moto kuipima. Mwite mtu apime dawa iliyomo majini.

Sasa, rejeta zote baridi lakini bomba linatoa maji ya moto vizuri. Hili huwatia watu wazimu, maana boila inaonekana nzima. Kwanza hakikisha kidhibiti cha ukutani kinaomba joto: betri zake zikiisha boila haina wa kuiamuru. Kama kinaomba, shaka inahamia kwenye vali ya njia tatu, ile inayoamua maji yaende bombani au kwenye rejeta. Imekwama upande wa bomba. Ikikwama upande wa pili, unafungua bomba na maji yanatoka vuguvugu huku rejeta zikipata moto bila kuombwa. Ikikwama katikati unapata nusu ya kila kitu. Kupima ni rahisi: fungua bomba la maji ya moto kwa dakika mbili, shika kwa uangalifu bomba linalotoka kwenye boila kwenda rejeta. Likipata moto, vali inavujisha. Kubadilisha mota yake ni kazi ya dakika. Kubadilisha mwili wake kunahitaji kumwaga maji.

Maji ya bombani yanayotoka moto, kisha baridi, kisha moto, bila wewe kugusa kitu, yana maelezo mengine. Jaribu bomba la pili. Ikiwa ni bafu tu, kichwa chake kimeziba na mkondo umekuwa mdogo mno kuiamsha boila. Ikiwa ni kila bomba, kibadilisha joto kidogo cha mabamba, kile kinachopasha maji ya bombani, kimejaa ukoko wa chokaa. Joto halipiti, upande wa boila unachemka, moto unazima kujilinda, unapoa, unawaka tena. Kihisi cha joto kilichochoka kinaweza kuleta mchezo huo huo. Fundi hukipima kwa mita ya umeme, na vile vya kawaida husoma kilo-ohm 10 vikiwa kwenye nyuzi 25.

Sauti na misimbo

Mngurumo kama wa birika linalokaribia kuchemka unatoka kwenye kiini: ukoko au tope limesimamisha maji sehemu moja, yanachemka hapo, mapovu yanapasuka. Boila inaweza kuishi hivyo msimu mzima, lakini inakula gesi zaidi na kuunguza chuma chake. Kububujika tumeshakueleza, kama nje hakuna barafu, fikiria hewa au presha ya chini. Mvumo mzito bila maji kusogea ni pampu iliyokwama, hasa baada ya miezi ya kukaa. Mlipuko mdogo wakati wa kuwaka, ule mshindo wa kushtua, usiuzoee. Gesi imejikusanya kabla ya cheche kuikamata, kwa sababu elektrodi, kijiti kinachotoa cheche, imechakaa au imehama, au kichomeo kimechafuka. Zima, mwite fundi.

Kwenye kioo, watengenezaji hawakukubaliana lugha. Vaillant huandika F.22 kwa upungufu wa maji na F.28 kwa kushindwa kuwaka. Baxi E119 na E133 kwa mambo hayo hayo. Worcester Bosch huandika EA moto usipotambuliwa. Hapa tunaikata boila nusu alama: msimbo unasema kilichotokea, si kwa nini. F.28 inaweza kuwa gesi imekatika, elektrodi imechoka, vali ya gesi imekufa au bomba la nje limeganda. Kwa hiyo msimbo wa kushindwa kuwaka unaanzia jikoni: washa jiko la gesi. Nalo likigoma, tatizo si boila. Likiwaka, kagua bomba la nje, kisha bonyeza kitufe cha kuanza upya mara moja. Ikishindwa, ngoja dakika kumi ujaribu mara ya pili. Ya tatu hatuishauri. Kuilazimisha boila inayogoma ni kubishana na kifaa kilichowekwa kukulinda.

Wenye mitungi waangalie pia walichonunua. Butane huacha kugeuka gesi karibu na nyuzi 0 chini kidogo, hivyo mtungi uliojaa unaweza kuonekana mtupu alfajiri na kupona mchana. Propane huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa mtungi unaokaa nje wakati wa baridi, chaguo ni hilo la pili tu. Boila za mafuta zina yao: maji kidogo chini ya tangi huganda kwenye chujio na mafuta hayapiti.

Hapa usipime chochote

Moto wa njano unaoyumba pale unapoonekana, madoa ya masizi, harufu ya moshi ndani, madirisha kulowa kuliko kawaida kwenye chumba chenye boila, na juu ya yote watu wa nyumba kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kinachopungua wakitoka nje: hiyo ni kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haina rangi wala harufu. Zima boila, fungua madirisha, toeni kila mtu nje pamoja na wanyama, piga simu ya dharura ukiwa nje. Baridi si sababu ya kubaki ndani. Wakati wa barafu na theluji kagua pia mdomo wa dohani kama haujafunikwa, na usizibe tundu lolote la hewa eti upepo unaingia.

King'ora cha gesi hii si nyongeza, ni sehemu ya boila. Nunua kilichothibitishwa kwa kiwango cha EN 50291: hicho lazima kilie ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa sehemu 50. Kiweke mita 1 hadi 3 kutoka kwenye boila, si juu yake moja kwa moja, na usome tarehe ya mwisho mgongoni. Kihisi chake hufa hata kama taa inawaka. Harufu ya gesi yenyewe ni kanuni nyingine: funga vali ya mita, usiguse swichi, toka.

Huduma ya mwaka, ikipimwa kama huduma

Kumfungulia fundi mlango kila mwaka kunafaa tu kama anafanya kazi. Anayefuta kasha kwa kitambaa na kuweka saini kwa dakika kumi na tano hakufanya. Tunachotarajia ni hiki: apime moshi kwa kichanganuzi na kuandika uwiano wa kaboni monoksaidi kwa kaboni dioksaidi, ambao kwa boila safi ya aina hii hauzidi 0.004, apime presha ya gesi boila ikiwa inawaka kwa nguvu zote, asafishe mtego wa maji machafu chini ya boila na kuujaza maji upya, maana ukiwa mtupu moshi unapita humo kuingia nyumbani, akague elektrodi na gasketi ya mlango wa kichomeo, na abadilishe gasketi ikiwa ameufungua, apime hewa ya tangi la kutanukia. Kifuniko cha kiini na kila kinachogusa gesi ni chake peke yake, akiwa na kibali cha kazi ya gesi. Wewe una geji, rejeta, betri, bomba la nje na kitufe.

Muda mzuri ni kabla ya baridi, na boila iwashwe rejeta zote angalau robo saa siku hiyo. Vali zilizolala miezi mingi hufichua ugonjwa wake hapo, si usiku wa barafu. Ukisafiri baridi ikiwepo, usiizime. Kinga yake ya barafu huwasha moto yenyewe maji ya ndani yakikaribia nyuzi 5, lakini inahitaji umeme, gesi na presha ya kutosha, na inalinda boila tu, si bomba lililo mbali kwenye dari. Acha kidhibiti kikiwa kwenye nyuzi 12 hivi.

Ukimwita fundi, mpe namba ya modeli kwenye kibandiko, msimbo wa hitilafu, presha ikiwa baridi na ikiwa moto, kama maji ya bombani yanapata joto, na hali ya hewa ilivyokuwa ilipozima. Mficha uchi hazai: mwambie pia umeongeza maji mara ngapi tangu msimu uanze, hata kama idadi inaaibisha, kwa sababu namba hiyo inamwonyesha aanze na tangi, vali au kiini. Akimaliza, andika presha ya baridi kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kando ya geji pamoja na tarehe. Siku tatu baadaye, boila ikiwa imepoa, linganisha.